Mwateza na Nani?

Ami alikuja kuchukua chaja ya simu yake, hakuja kutazama mchezo.

Tulikuwa wanne sebuleni, Jumamosi baada ya Isha. Feni tulikuwa tumeizima kwa sababu ilikuwa ikipeperusha karata, kwa hiyo kila mtu alikuwa akitokwa jasho kimyakimya. Mezani kulikuwa na mchezo wa ubao uitwao Mombasa, wa Mwaustria Alexander Pfister, uliotoka 2015. Aliyetuletea ni rafiki yetu anayefanya kazi Ujerumani, akiamini kwamba watu wa Mombasa hawawezi kukosa kuupenda mchezo wenye jina la mji wao. Kila mmoja alikuwa na ubao wake mdogo mbele yake, karata zake mkononi, na uso wa mtu anayejaza fomu ya pasipoti.

Ami akasimama nyuma ya kiti changu. Yeye ni mtu wa bao. Alasiri nyingi utamkuta barazani, mkono umejaa kete, na nyuma yake wamesimama watu watatu wanne ambao hawachezi lakini wana la kusema juu ya kila kete inayoanguka. Alitutazama kwa muda ambao mtu aliyefuata chaja hauhitaji.

"Mtezo huu waitwaje?"

"Mombasa, Ami."

"Mombasa hii?"

"Hii hii."

Akainama akautazama ubao, kisha akatutazama sisi. "Na mwateza na nani?"

"Twacheza sisi kwa sisi."

"La. Kila mmoja wenu ateza na makaratasi yake. Nimeuliza, mwateza na nani?"

Hakusubiri jibu. Alichukua chaja akaenda zake kulala.

Aliyekosa usingizi ni mimi.

Orodha iliyokwama

Wakati huo nilikuwa nikiandika orodha. Baadhi yenu mmeniuliza kwa muda mrefu: kundi lenu lapenda michezo gani, na mtu anayetaka kuanza anunue upi? Ni swali la haki, hasa kwa kuwa michezo hii kwetu haipatikani dukani kirahisi. Wengi wetu tunamvizia jamaa anayekuja likizo, tukimbembeleza aache nafasi ya boksi moja kwenye begi lake, kati ya viatu na chokoleti za watoto. Ukichagua vibaya, hadi likizo nyingine.

Orodha yenyewe ilikuwa imepangika. Juu kabisa niliiweka Brass: Birmingham, mchezo wa viwanda na mifereji ya Uingereza uliopanda kileleni mwa jedwali la BoardGameGeek, tovuti ya wapenzi wa michezo hii, mwaka 2023. Chini yake Wingspan, mchezo wa ndege, kisha Mombasa, kisha mingine ya aina hiyo. Kila mmoja nilikuwa nimeueleza: uzito wa sheria, ubora wa mbao, uzuri wa michoro, unachukua saa ngapi.

Baada ya swali la Ami niliisoma upya. Kulikuwa na aya nzima juu ya vijiyai vya rangi vya Wingspan. Waliokaa mezani hawakuwemo.

Mji uliohamia mwezini

Niumalize kwanza mchezo wa Mombasa, maana najua kuna mtu ataniuliza.

Ndani yake unanunua hisa katika kampuni nne za biashara, zinazoanzia Mombasa, Cairo, Cape Town na Saint-Louis, na unazisaidia kutapakaza vituo vyao barani. Mwenye fedha nyingi mwishoni ndiye mshindi. Mtambo wake, yaani namna unavyochezwa, ni wa akili sana. Karata ulizotumia zinalala katika mafungu, na kila raundi unaruhusiwa kurudisha fungu moja tu mkononi, kwa hiyo unapanga leo utakachokihitaji raundi tatu mbele. Hisa ziko wazi kwa wote. Unaweza kujikuta unaijenga kampuni pamoja na mtu unayetaka kumshinda. Mwaka 2016 ulipata Deutscher Spielepreis, tuzo ya michezo ya Ujerumani, na sioni ajabu.

Lakini Afrika ya ubao ule haina mtu. Kuna kahawa, kuna ndizi, kuna pamba, kuna almasi. Aliyepanda, aliyechimba na aliyebeba hayumo.

Mwaka 2022 mchezo huo ulitoka upya kwa jina la Skymines, na zile kampuni sasa zinachimba madini mwezini. Mtambo umebaki karibu vile vile. Nilipousoma ule mpya nilicheka, kisha nikaacha kucheka: mji wangu umehamishwa hadi mwezini na hakuna chochote cha maana kilicholazimika kubadilika, kwa sababu kwenye ubao ule bara letu lilikuwa tupu kama mwezi tangu mwanzo.

Five Tribes, mchezo mwingine tulio nao, nao ulikuwa na karata za watumwa katika toleo la kwanza. Watu walilalamika, na katika matoleo ya baadaye zikawekwa karata za mafakiri. Nakala yetu ni ya mafakiri. Sijui ningefanya nini na ile ya kwanza mezani kwetu, katika mji huu, na bibi yuko chumba cha pili.

Kwa siku kadhaa nilidhani hilo ndilo alilokuwa akiuliza Ami. Haikuwa hivyo. Nilipomweleza habari za mwezini alisema tu, "Hao wana shughuli zao," akageuka kumwagia maji mti wake wa ndimu. Alichokiuliza kilikuwa juu yetu.

Wanaosubiri

Nikaanza kufanya jambo dogo. Mchezo ukiendelea, simtazami anayecheza. Nawatazama wanaosubiri.

Kwanza, wao ndio wengi. Mezani pa watu wanne, robo tatu ya jioni yako wewe ni mtu anayesubiri. Ajabu ni kwamba tathmini nyingi za michezo huandikwa juu ya ile robo iliyobaki: una chaguo zipi, karata hii inasaidiana na ile vipi. Yanayompata mtu baada ya zamu yake kwisha ni nadra kuandikwa.

Kwetu, kinachompata ni simu.

Katika Wingspan, aliyemaliza zamu anautazama ubao wake kidogo, anapanga ndege atakayemweka baadaye, kisha mkono unashuka chini ya meza. Ukiona mwanga kidevuni ujue ameshafika WhatsApp. Zamu ikimrudia anauliza, "Kumebadilika nini?" Jibu la kweli, kwa upande wake, ni kwamba karibu hakuna kilichobadilika. Elizabeth Hargrave aliutunga mchezo huo vizuri mno, una ndege 170 wa Amerika Kaskazini na kila mmoja kachorwa kwa mapenzi, lakini ndege wangu hawawajui ndege wako. Tungeweza kuucheza kila mtu nyumbani kwake na kutumiana alama asubuhi.

Katika mingine, mikono haikushuka.

Hapo nikaona nina la kufuatilia.

Bao lisilo na nyumba

Nilikuwa na hakika kuhusu mchezo mmoja. Five Tribes, wa Bruno Cathala, uliotoka 2014, ni mtoto wa bao hata kama boksi lake limejaa majini na masultani. Kuna vigae 30 na vijitu 90 vya mbao vya rangi tano. Unachota vijitu vyote vya kigae kimoja, unavidondosha kimoja kimoja njiani, na cha mwisho lazima kiangukie penye mwenzake wa rangi hiyo. Ukifika hapo unavichukua vya rangi hiyo vyote. Mtu wa pwani haelezwi mara mbili.

Nikamwomba Ami akae nasi. Mkono wake uliijua kazi kabla ya kichwa: alichota, akasambaza, akafika anapotaka huku sisi bado tunahesabu kwa vidole. Raundi za mwanzo alikuwa na furaha kweli.

Kisha akaanza kutazama dirishani.

Nilimuuliza baadaye, na maelezo yake yalikuwa bora kuliko tathmini yoyote niliyoisoma. Katika bao, alisema, mbele yangu yuko mtu mmoja. Akinamua, akaiingiza kete ya mkononi, namjibu. Nikiichungulia nyumba yake, lile shimo lake kuu, anajua nimeichungulia. Hapa, hadi zamu inirudie, watu watatu wameshaupindua ubao, na nilichokipanga kimekufa. Nimjibu nani? Tena kete ikiliwa katika bao haiendi kokote, inahamia kwangu, na kesho yaweza kurudi kwako. Hapa ikichukuliwa imekwenda. Ubao unazidi kuwa mtupu, na huku kila mtu afikiri kwa muda mrefu zaidi.

"Bao lisilo na nyumba," akasema, akaomba kahawa.

Five Tribes ukiwa na wachezaji wawili, kwa taarifa yenu, ugonjwa huo hupona kwa kiasi kikubwa. Lakini kundi letu si la wawili.

Nani ana kondoo?

Wachezaji wazoefu huidharau Catan. Hata mimi nilikuwa nimeshaiondoa kwenye orodha, kwa sababu ile ile anayoitoa kila mtu: dadu zinaamua mno. Klaus Teuber, Mjerumani aliyekuwa fundi wa meno bandia, aliitoa mwaka 1995 na mwaka huo huo ikapata Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya mchezo wa mwaka. Kwa watu wa fani hii, mchezo wa 1995 ni wa kale.

Niliitoa kabatini ili nitazame wanaosubiri tu.

Dadu zikirushwa, hata kama si wewe uliyezirusha, unaweza kupata mbao au ngano, kwa hiyo macho yote yako kwenye dadu. Kisha mwenye zamu anataka kubadilishana, na sheria inasema biashara yoyote lazima imhusishe yeye. Basi hapo ndipo sebule inapogeuka. Nani ana kondoo? Nipe matofali mawili. Mawili ya nini, kondoo mmoja? Usimpe huyo, ana alama nane! Wallahi sina alama nane. Dada mmoja wa kundi letu, ambaye katika Wingspan hazungumzi kabisa, aliuza jiwe moja kwa ngano mbili na ahadi ya kutowekewa jambazi, kile kipande kinachozuia mavuno, na ahadi ile ilivunjwa kabla ya kahawa kupoa. Mpaka leo wanataniana nayo.

Simu hazikuonekana.

Sisemi Catan haina ila. Ukiweka makazi yako ya mwanzo mahali pabaya, utakaa saa nzima ukiwatazama wenzako wakivuna, na hakuna biashara utakayofanya kwa mikono mitupu. Lakini niliondoka mezani nikiwa na nadharia, nikaiandika kwa herufi kubwa: mchezo mzuri kwa kundi ni ule unaoupa mdomo kazi.

Nadharia hiyo haikuishi muda mrefu.

Mmoja anenaye

Kama maneno ndiyo kipimo, basi Pandemic ingekuwa bingwa. Mchezo wa Matt Leacock wa 2008, wachezaji wote upande mmoja, maradhi manne upande wa pili, na ramani ya miji 48 ikiwemo Kinshasa, Khartoum na Lagos. Wakati wa korona hatukuwa na moyo wa kuufungua. Tulipoufungua tena, maneno hayakukatika kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ila yalikuwa ya mtu mmoja.

Kila kundi linaye. Wetu ni mhandisi, mtu mwema sana, anayeona njia ya ushindi kabla ya wengine kumaliza kusoma karata zao. "Wewe nenda Khartoum. Wewe mpe karata ya bluu. Wewe baki hapo." Na kwa kuwa kila kitu kiko wazi, na kwa kuwa sote twataka kuuokoa ulimwengu, hakuna sababu ya kumkatalia. Ana haki karibu kila mara. Tulishinda. Mama mmoja aliyekuja nasi kwa mara ya kwanza alishinda pia, kwa maana ya kwamba alisogeza kipande chake alikoambiwa akisogeze.

Kwenda mlangoni aliniambia, kwa adabu, kwamba ni mchezo mzuri na amefurahi kututazama tukicheza.

Alikuwa mchezaji wa nne.

Kimya chenye turufu

Kilichoipindua nadharia yangu kabisa ni The Crew, wa Thomas Sing, uliotoka 2019. Boksi dogo, linaingia mfuko wa koti. Karata 40: rangi nne, moja hadi tisa, na roketi nne ambazo ndizo turufu. Mwenye kuanza akitupa kijani, nawe unayo kijani, lazima ufuate. Hadi hapo kila aliyewahi kucheza karata chini ya mwembe anaelewa.

Tofauti ni kwamba nyote mko timu moja. Kazi imegawanywa: fulani lazima aile karata hii, fulani ile, na ikiangukia mikono isiyo yake mmeshindwa wote. Kuna kazi 50 za namna hiyo, zikizidi ugumu. Na hamruhusiwi kusema mlichoshika. Katika kila kazi unaweza kuionyesha karata moja tu na kuashiria kwamba ndiyo kubwa yako ya rangi ile, au ndogo, au ya pekee. Basi.

Ami alijifunza wahedi wa sitini, mchezo wa karata, Unguja, ujanani. Nilipomwambia kuna mchezo wa turufu ambao washindani hawapo, alidhani namtania. Akakaa.

Sijawahi kusikia sebule yetu ikiwa kimya vile. Kimya cha Wingspan ni cha watu walioondoka. Hiki kilikuwa cha watu waliobanana. Mtu akitupa saba ya njano, wote watatu wengine wanaitazama saba ile, kisha wanamtazama aliyeitupa: kwa nini saba na si tatu? Ana nini? Anataka niue au niache? Ami akapata jambo la kukohoa.

"Ami, kukohoa hakuruhusiwi."

"Na mwenye mafua afanyeje?"

Tukashindwa. Tukagawa upya bila mtu kuuliza kama tunagawa upya. Tukashindwa tena kwa sababu yangu na mhandisi, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na pa kuingiza maagizo yake. Sheria ilikuwa imemfunga mdomo, naye alikuwa akiteseka waziwazi. Mara ya tatu Ami aliishikilia roketi yake hadi mwisho, akaiangusha mezani kwa kishindo cha barazani, na kazi ikakamilika. Waliokuwa jikoni walikuja kuuliza kuna nini.

Niliilaza ile nadharia ya mdomo hapo hapo. Pandemic ina maneno tele na watu watatu hawapo. The Crew haina neno na hakuna aliyeinuka hata kwenda msalani. Basi alichokuwa anauliza Ami si kwamba tunazungumza au hatuzungumzi. Ni kama ninachokitupa mimi kinakufikia wewe. Saba yangu ya njano inabadilisha karata zako, nawe unalazimika kunifikiria, mimi mwenyewe, na jinsi ninavyofikiri, na kama mimi ni mtu wa kuficha au wa kuonyesha.

Fumbo lenye mtu wake

Tangu hapo nimekuwa nikiijaribu michezo yetu kwa kipimo hicho, na mingine imepanda hadi ninashangaa. Uliopanda juu kuliko yote ni Dixit.

Tuliuchukulia Dixit kuwa mchezo wa watoto. Karata 84 za picha za ndoto, mchezo wa Jean-Louis Roubira, daktari Mfaransa, wenye Spiel des Jahres ya 2010. Mwenye zamu anachagua karata moja kimya, anasema jambo lolote linalohusiana nayo, wengine wanatoa karata zao zinazokaribia, zinachanganywa, na kila mtu anakisia ipi ni ya msemaji. Uzuri uko kwenye alama: wakiipata wote, msemaji hapati kitu. Wasipoipata hata mmoja, hapati kitu pia. Lazima aeleweke na wengine, asieleweke na wengine.

Mama mdogo alikaa kucheza nasi siku moja kwa sababu mvua ilimzuia kuondoka. Yeye hununua kanga kwa jina lake kwanza, rangi baadaye. Zamu ya kwanza alichagua picha yenye chombo, akasema, "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu." Sote tukaipata, akatoka sifuri. Alinitazama kama mtu aliyeelezwa kwamba duka limefungwa.

"Kwa hiyo asiwe anajua kila mtu."

"Ndiyo, Mama."

"Ajue anayehusika."

Zamu zilizofuata alisema maneno ambayo wengine hatukujua yametoka wapi: jina la mtaa wa zamani, nusu ya ubeti, mara moja jina la mbuzi. Mhandisi alikuwa akijikuna kichwa. Kila mara mamangu, dada yake, aliiendea karata sahihi moja kwa moja huku akijizuia kucheka. Alama tatu, alama tatu, alama tatu. Miaka yote Mama mdogo amekuwa akiishi na majirani ambao kanga fulani ikivaliwa uani mmoja tu ndiye anayeumia. Hakuhitaji maelezo zaidi ya yale.

Boksi la Dixit, tena, halina neno la kusomwa kwenye karata zake. Ukimwagiza jamaa yako mchezo mmoja tu, mwagize huu. Na msile mabuyu mnapocheza. Karata mbili zetu zina alama nyekundu zisizotoka, na sasa kila mtu anazijua kwa nyuma.

Wakili wa Wingspan

Nilipoyasoma haya mbele ya kundi, niliyemtegemea anipinge ni mhandisi. Aliyenipinga ni rafiki yetu muuguzi, mwenye ile nakala ya Wingspan.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Mimi kazini naulizwa maswali tangu saa moja asubuhi. Dawa iko wapi, daktari yuko wapi, mgonjwa wangu anaendeleaje. Nikija hapa nataka kukaa na watu wasioniuliza kitu. Nyumbani peke yangu siwezi, nalala. Hapa nasikia mkicheka, napanga ndege wangu. Kwani lazima kila mtu anihitaji?"

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa nililo nalo si kamili. Nilikuwa nimechukulia kwamba mtu anayecheza na ndege wake amewaacha wenzake. Kumbe kuna anayewafuata wenzake ili acheze na ndege wake karibu nao. Hata barazani, nikikumbuka vizuri, huwa kuna mzee anayekaa pembeni kila siku, hachezi, hashauri, hatazami hata ubao, na siku asipokuja watu huulizana.

Kwa hiyo orodha yangu haina nambari tena. Wingspan imebaki, lakini kwa saa za mwisho, watu wakishachoka kuhitajiana. Catan ni ya wageni, wakiwa wanne na wawili kati yao wanafahamiana. Dixit ni kwa siku ambayo wazee wapo. The Crew iko kwenye mkoba wangu hata sasa. Brass tunaicheza mara chache, watatu tu tunaoipenda, na tumeacha kuwalazimisha wengine. Mombasa iko juu ya kabati. Pandemic tumemruhusu mhandisi aende nayo kwao, akacheze peke yake na maradhi yake manne. Inachezeka hivyo, na anasema ni bora zaidi.

Neno moja tu

Imebaki Codenames, na huo ndio tunaoanza nao kila Jumamosi wakati tunawasubiri wachelewaji. Vlaada Chvátil wa Ucheki, 2015. Maneno 25 mezani, timu mbili, na kiongozi wa kila timu anaruhusiwa kutoa neno moja na nambari moja ili wenzake wayapate maneno yao bila kumgusa muuaji, lile neno moja ambalo timu ikiligusa imeshindwa.

Nakala yetu ni ya Kiingereza na kwa muda tuliicheza hivyo, kwa ugumu, huku wazee wakituacha. Kisha tukakata manila tukaandika karata zetu wenyewe. Mchezo huu hushiba kwa maneno yenye maana mbili, na hapo Kiswahili kina hazina: kaa, paa, mto, taa, mbuzi, chungu, kanga, nyanya, tembo, ua. "Pwani, nne" iliwahi kuwafanya watu wabishane kama tembo aliyekusudiwa ana mkonga au ananywewa kwenye kibuyu. Na wanaosubiri? Hakuna wanaosubiri. Timu ya pili inasikiliza ubishi wetu kuliko tunavyousikiliza sisi.

Shida ilikuja kwenye sheria ya neno moja. Kiingereza kikisema neno moja, ni neno moja. Siku ya kwanza tu, kiongozi wa timu yetu alikaa, akafikiri, akatamka: "Wameachana, mbili." Makelele. Hiyo ni sentensi! Akasema andikeni muone kama kuna nafasi katikati. Wenzetu wakalipiza kwa "asiyelipa, tatu", na jioni ikawa imeharibika kwa furaha.

Tukatunga sheria: nomino tu. Na mzizi mmoja usirudiwe, kama "mpishi" iko mezani usiseme "mapishi". Ikadumu Jumamosi moja. Ya pili yake mhandisi akasimama na kusema, "Kutooana, mbili."

Akapigiwa kelele, akatulia, akaeleza kwamba kitenzi kikianza na ku- ni nomino ya ngeli yake kamili, na kwamba sheria tumeitunga sisi wenyewe. Tulimgeukia mwalimu wa Kiswahili tuliyenaye katika kundi. Alifikiri, akasema kisarufi mhandisi ana haki.

Tukamnyima zamu hata hivyo.